Mimba Iliyomkataa Mume Wangu

Nesi wa kliniki aliniambia kwamba miezi ya katikati ndiyo ya raha. Kutapika kutaisha, alisema, utakula ushibe, ngozi itang'ara, na mtoto ataanza kucheza. Nilimwamini. Nilirudi nyumbani Timbwani nikiwa nimeshaanza kuingoja hiyo raha.

Ngozi yangu haikung'ara. Shingo ilipiga weusi kama sufuria ya kuni, na mstari mweusi ukajichora tumboni kutoka kitovuni kwenda chini. Fizi zilitoka damu kila nilipopiga mswaki. Vidonge vya kuongeza damu vilinifunga choo siku kadhaa, na kilipopatikana kilikuwa cheusi na kigumu. Sitaki kueleza zaidi, ingawa mimi ningeshukuru sana kama kuna mtu angenieleza mapema. Mate yalinijaa kinywani, mazito, hayamezeki, ikawa natembea na kopo la maziwa ya unga nikitema humo mbele za watu, mimi niliyekuwa nikimtazama kwa jicho baya mtu akitema barabarani. Huo ndio uliokuwa ung'aavu wangu. Niliona kinyaa, na kilichonitia kinyaa ni mwili wangu mwenyewe, basi ningekimbilia wapi?

Juu ya hayo, wanawake wa mtaani. Tumbo likishaonekana, si lako tena. Jirani ambaye hatukuwa hata na mazoea alikuja barazani, mkono una magamba ya samaki, akanipapasa kitovu na kutangaza kwamba huyu ni wa kiume. Nilikwenda kuoga, nikajisugua mpaka nikaumia.

Lakini kinyaa kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha mume wangu. Na yeye ni msafi, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alifanya kazi katika bohari la chai huko Changamwe, na jioni alirudi na harufu ya majani makavu nyweleni, harufu ambayo zamani nilikuwa nikiifuata nyumba nzima. Mwezi wa tano wa mimba ulipoingia, harufu ile ilinigeukia. Kwangu alinuka kuku aliyenyeshewa. Alibadilisha sabuni. Aliacha marashi. Alijisugua ndimu makwapani mpaka akachubuka, akawa sasa ananuka kuku aliyenyeshewa kisha akatiwa ndimu. Nilimwambia hivyo hivyo. Alicheka, na alipoona mimi sicheki, akachukua mto wake akaenda kulala sebuleni.

Kwetu Pwani jambo hili halimshangazi mtu. Mimba imemkataa mume, husema, kana kwamba mimba ni mtu mzima mwenye maoni yake. Mama mkwe, ambaye nyumba ile ni yake, hakunilaumu hata kwa neno moja. Alimpangia mwanawe nguo kwenye mkoba ili aende akakae kwa kakake Mikindani, karibu na kazi.

"Nenda, mwanangu," alimwambia. "Mimba ikishachukia haibembelezwi."

Mume wangu akaondoka bila kunipa mkono, maana alijua nitakavyoukwepa. Nilifungua madirisha yote, na sikujuta hata kidogo.

Taabu ilikuja baadaye. Mwezi wa tano uliisha, wa sita ukaanza, na mtoto hakucheza. Nesi alisikiliza moyo wake, akasema yu hai, wengine huchelewa, hasa mimba ya kwanza, nisiwe na wasiwasi. Wifi yangu tuliyekaa naye, ambaye naye alikuwa mjamzito na tumbo lake dogo kuliko langu, mtoto wake alikuwa akimpiga mateke na kila teke alitupigia kelele nyumba nzima. Mimi nililala chali, mikono tumboni, nikingoja. Kimya. Ndipo likaniingia wazo ambalo sikumwambia mtu. Nilichukia mate, nilichukia weusi, nilichukia harufu ya babake. Je, kama niliyekuwa nikimchukia ni mtoto mwenyewe, na huko ndani alikokuwa, amelijua hilo, akajikunyata?

Mama mkwe alinikuta jikoni nalia, mchuzi wa papa uko motoni. Nilitaka kusingizia moshi. Yeye aliepua chungu, akakitoa nje kwanza, kisha akarudi.

"Hajacheza?"

"Hajacheza, mama."

"Atacheza na nani? Babake umemfukuza, hata sauti yake mtoto haisikii. Mwite."

"Nitatapika, mama."

"Tapika. Wallahi, kwani tangu Ramadhani una kazi gani nyingine?"

Sikuyaamini maneno yake. Nimesoma, najua mtoto hangoji sauti ya mtu ndipo ajinyooshe. Lakini niliyoyaamini yote yalikuwa hayajanisaidia, basi nikampigia simu.

Alikuja kesho yake alasiri, moja kwa moja kutoka kazini. Hakuoga, akasema sabuni zote zimeshashindwa. Alisimama mlangoni mwa chumba, na harufu yake ikatangulia kuingia. Nilijifunika pua kwa leso.

"Niingie, au nisemee hapa hapa?"

"Ingia. Usinisemeshe sana."

Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka kiganja chini ya kitovu changu, taratibu. "Asalaam aleikum," akaliambia tumbo, kwa ile sauti yake ya kuongea na wakubwa kazini. Ningecheka, ila kichefuchefu kilikuwa kimeshafika kooni. Nilimeza. Nilimeza tena. Nywele zake zenye vumbi la chai zilikuwa karibu na uso wangu, na yule kuku akajaa chumba kizima.

Ndipo nikasikia. Kama jicho linavyokucheza, ila ndani, chini kabisa, mara moja. Nilizuia pumzi. Likaja teke la pili, kwa nguvu, pale pale penye kiganja chake, na uso wake ukaniambia kwamba naye amelisikia.

Nilitaka kumwambia asiondoke. Nilitoa leso usoni nimwambie, nikamtapikia. Wali wa mchana, mate, vyote, shingoni, kwenye shati, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alifumba macho huku vikimtiririka. Mkono hakuuondoa.