Mshale wa Hamsini

Nakumbuka siku ile nilipomtoa Shangazi Somoe kijijini Nambilanje kumpeleka Mtua, miaka ya elfu mbili mwanzoni, masika yamekolea. Mwanawe Salumu alikuwa amefariki usiku huko Mtua, na angezikwa baada ya sala ya adhuhuri. Mwanangu, unajua maziko yetu hayangoji mtu. Shangazi alitaka jambo moja tu, amwone mwanawe uso kabla hajatolewa nyumbani.

Nilikuwa naendesha pikapu ya tajiri mmoja wa Ruangwa. Kwa sababu ya tope, tajiri aliifunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, kama wengi walivyofanya huku kwetu. Hakuna aliyetuambia kwamba ukifunga tairi kubwa, gari hukimbia kuliko mshale wa spidi unavyosoma. Penye kibao cha hamsini, mshale wangu ulikuwa kwenye hamsini.

"Hamsini na sita," askari wa barabarani aliyenisimamisha akasema, akinionyesha tochi yake ya kupimia mwendo.

Nikaapa kwamba sikuzidisha. Shangazi akashuka, khanga kichwani, akamwambia, "Mwanangu, mwandikie kosa lake utuache, nikamuage mtoto wangu."

"Mama, sheria ni msumeno."

Akatuamuru tumfuate hadi kituoni Nachingwea, yeye mbele na gari lao, mimi nyuma kwa mwendo wake. Tulipofika akaniuliza mshale wangu ulisoma ngapi njiani. Nikamjibu arobaini na tano. Wake ulisoma hamsini. Akacheka.

"Kumbe mshale wako mwongo. Lakini tochi imeshasoma, na mkubwa wa kuwaruhusu hayupo. Kaeni hapo."

Yaani alishajua kwamba sikukusudia, na bado akatukalisha kwenye benchi mpaka mkubwa wake aliporudi kutoka kula. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tulifika Mtua wanaume wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Shangazi hakulia. Alikaa mkekani, akauliza kama mtoto wake alifumbwa macho vizuri.

Wanasema hasira hasara. Hii yangu nimekubali hasara yake, wala sitaiacha.

Sasa wewe unakwenda kuvaa sare ya askari, ndiyo maana nakueleza. Sisemi uwaachie wanaokimbiza magari. Watoto wa shule wanavuka barabara hizi, na anayepita kama mshale umshike. Lakini chombo chochote hukosea, cha dereva na chako pia. Aliyezidi kidogo mwonye, umwambie akapime mshale wake. Aliyekosa kweli mwandikie kosa, kisha umwache aendelee na safari. Msumeno haujiendeshi, mwanangu, unashikwa na mkono wa mtu, na mtu huyo ataulizwa.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya kusoma tochi na ya kumsoma aliye mbele yako. Na mama akikuambia anawahi kumwona mwanawe, Mungu akuharakishe kumpisha.