Kidole cha Fundi

Fundi wa bunduki wa ranchi yetu, huku nje ya Voi, hapimi triga kwa chombo. Hukuinulia kidole chake, cheusi kwa oili, akuambie ukifinye, kisha hufumba macho kama anayesikiliza redio ya jirani. Mwenye mkono wa nguvu humwachia triga ngumu, isije ikafyatuka njiani. Mnyonge humlainishia kwa kuisugua kwa tupa, polepole, bila maneno mengi.

Wakio alimletea ile bunduki kuukuu ya Mumo, askari mwenzake aliyekanyagwa na ndovu huku ameshalenga, triga ikamshinda kuvuta. Sasa itakuwa yake. Fundi aliivuta triga mara moja, akailaza bunduki mezani.

“Mumo alikuja hapa ametoka kunywa chai, anacheka,” akasema. “Alinifinya kidole hadi kikalia, nikamwachia triga ngumu.”

Akamnyooshea Wakio kidole kilekile. Wakio akakifinya kwa nguvu zake zote.

“Si hivyo, dadangu. Kumbuka vile mlimpata.”

Wakio akakumbuka. Vidole vyake vikalegea.

Fundi akafumba macho. “Hapo hapo,” akasema, akapapasa mezani kutafuta tupa.