Chombo cha Nane, Buganguzi

Juzi jirani yangu hapa Buhembe alikuwa akikaanga senene, wale panzi wa kuliwa, na harufu yao ya chumvi na kitunguu iliporuka ukuta ilinikumbusha kioo. Msicheke, nitawaeleza.

Shangazi yangu Kokugonza alikuwa akikusanya vyombo vya kioo vya Kidenmaki. Ujanani aliwafulia nguo wamisionari waliotoka huko, na walipoondoka walimwachia chombo kimoja cha maua, kizito kama jiwe la kusagia, rangi ya ziwa asubuhi. Tangu hapo akawa anavitafuta vingine. Watu wengine walioachiwa walivitumia kuwekea chumvi, wengine kunyweshea kuku. Yeye aliwapa sufuria mpya, akaondoka na kioo chake amekifunga kwenye kanga. Nyumbani kwake Miembeni vilikuwa saba, vimepangwa dirishani. Ndani ya kioo kulikuwa na mapovu madogo yaliyonaswa. "Hiyo ni pumzi ya fundi aliyekipuliza," aliniambia, nami nikaamini kwamba kikivunjika tutamsikia akihema.

Nilipokuwa na miaka tisa tulisikia kuna cha nane Buganguzi. Tukaenda, mimi nimebeba sufuria. Ma Adelina, mama mjane, alitukaribisha kwa senene, na senene wenyewe walikuwa ndani ya chombo tulichokifuata! Kilikuwa cha rangi ya moshi, mdomo umelala upande kama jani la mgomba.

Shangazi alipoeleza shida yetu, Ma Adelina aliitazama sufuria kwa muda mrefu. Yake, pale mekoni, ilikuwa imezibwa tundu kwa sabuni.

"Kichukueni," alisema, akaanza kuwamimina senene kwenye ungo. Kisha mkono ukasita. "Nesi wa wale wamisionari alinipa siku niliyomzaa huyu Jeni. Watatu wa kwanza hawakukaa."

Jeni, wa rika langu, alikuwa amesimama mlangoni. Shangazi alikiosha kile chombo taratibu, akamwita, akamwonyesha mapovu. Kisha akakirudisha mezani. Sufuria nayo akaiacha.

Njiani nilinuna. "Tumekosa vyote viwili!"

Tulipofika nyumbani shangazi alinipa daftari la vyombo vyake, akanitamkia niandike: cha nane, rangi ya moshi, kipo kwa Jeni, Buganguzi.

"Lakini si chetu, shangazi."

"Nimekwambia ni chetu? Andika."

Siku hizi naona kwenye simu watu wa mbali wakivisaka vyombo kama vile. Shangazi alifariki, vile saba vikabaki kwangu. Mwaka jana Jeni alimwoza binti yake, akaniita mapema nimsaidie kupamba. Katikati ya meza kuu alikuwa ameweka kile cha rangi ya moshi, kimejaa maua, na watoto wamekizunguka wakihesabu mapovu.

Utotoni nilihesabu vya dirishani tu, nikaona siku ile tulishindwa. Kumbe shangazi alikuwa akikusanya pia watu wa kuvipenda. Jeni alikuwa mmoja wao, na mimi nilikuwa wa kwanza.