Mashine za Jumapili

Kila mwanzo wa mwaka mwalimu mkuu huniomba niseme maneno mawili kwa wazazi wapya, wale ambao watoto wao wana miguu isiyobeba sawasawa, macho yasiyofika ubaoni, au kama wangu, masikio mazito. Shule yetu hapa Changamwe huwasomesha watoto wote pamoja, darasa moja. Wazazi huketi kwenye viti vya watoto, magoti juu, kalamu mkononi. Mimi huwaambia mkalisheni mtoto mbele, mwombeni mwalimu amtazame usoni anaposema, futeni mashine za masikio jasho kila jioni. Wanaandika yote. Lile kubwa zaidi sijawahi kulisema, kwa sababu naona haya.

Binti yangu alikuwa gredi ya pili alipopewa mashine za kusikia, moja kwa kila sikio. Daktari wa masikio alipoziwasha tu, mtoto akainua kichwa akaitazama feni darini, akauliza kwa sauti kubwa kile kinacholia ni nini. Miaka yote ile alikuwa akiona feni zikizunguka, hakujua kuwa zina sauti. Nililia mbele za watu wala sikujali.

Tulipofika nyumbani nikazivua, nikazifunga kwenye leso safi, nikazitia ndani ya boksi kabatini, kando ya viatu vyake vya kanisani. Mimi nimekulia Kaloleni, kwa mama ambaye kwake gauni jipya ulilivaa kwenda ibadani, na ukirudi ulilivua kabla hujagusa chakula. Kitu kizuri hakikuvaliwa ovyo. Basi binti yangu akawa anazivaa mashine zake Jumapili, anasikiliza kwaya kinywa wazi, halafu tukirudi nazivua. Jumatatu anakwenda shule masikio matupu. Nikajiambia ni vumbi. Malori ya mafuta hupita mbele ya shule kutwa, na watoto wenyewe wanasukumana kama mbuzi. Zingepotea siku ya kwanza.

Mwalimu wake alikuwa msichana kutoka bara, mpole, mwenye kujituma. Shule ilitupa karatasi ya kujaza: mtoto wako anasaidiwaje nyumbani, ana kifaa gani, mwalimu ajue nini. Kwenye kifaa nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, "Bado tunangoja hospitali." Uongo mtupu, na nikautia sahihi.

Mwalimu yule akaniamini. Akamleta mtoto dawati la mbele, akawa anachora kila neno alilofundisha, anamgusa bega kabla ya kusema. Muhula mzima. Kila tukikutana ananiuliza, "Mama, hospitali wamesemaje?" Namjibu, "Bado, mwalimu. Tuombe Mungu." Sijui hata nilipata wapi uso wa kumtaja Mungu.

Muhula ulipokaribia kuisha akaniita. Nilimkuta darasani na binti yangu, watoto wengine wametoka kucheza. Alikuwa na madaftari mbele yake, na nikaona kuwa hakulala vizuri.

"Mama, nimejaribu," akasema. "Naona hapa tunamwonea. Iko shule ya bweni ya watoto wasiosikia kabisa. Huko watamfundisha kwa ishara. Nataka kuandika barua."

Binti yangu hakuwahi kulala mbali nami hata siku moja. Na hakuwa mtoto asiyesikia kabisa, mimi nilijua, nilimwona kila Jumapili. Nilitakiwa kusema pale pale. Nikanyamaza. Ndiyo, nilikuwa radhi mtoto apelekwe mbali kuliko mwalimu ajue kuwa nimemdanganya. Naandika hivi kwa mara ya kwanza.

Mtoto alikuwa ametukodolea macho midomoni, mara kwa mwalimu, mara kwangu. Mwalimu akamgeukia, akamwambia polepole, "Unataka kwenda shule nyingine? Ulale huko?"

Akaanza kulia. Akasema kwa ile sauti yake nene isiyojua kupima, "Sitaki. Mama akinipa zile zangu za kanisani, nitasikia."

Mwalimu akanitazama. Ningeshukuru angenigombeza. "Avae kesho," akasema, akavuta daftari na kuendelea kusahihisha.

Kesho yake nikamvika mashine mwenyewe. Mchana kutwa sikufanya kazi ya maana. Aliporudi hakuingia ndani, aliketi kizingitini na begi lake mgongoni. Nikamwita.

"Abee," akaitika, papo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita nikiwa nyuma yake akaitika. Nikafurahi, nikatoka nje upesi. Uso wake haukuwa na furaha.

"Mama, mie naitwa bubu?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Wote. Kwenye mstari, chooni, wakati wa uji. Hawasemi jina langu." Akafikiri kidogo. "Waniita hivyo leo tu, au toka zamani?"

Nikamwambia sijui.

Nilijua. Nilijua toka wiki ile ya kwanza ya mashine, nilipokwenda kumchukua getini. Wenzake walikuwa wanampigia kelele jina hilo, na yeye anakuja mbio kwangu huku amegeuza shingo, anawapungia mkono, anacheka, akidhani wanamuaga. Usiku ule nilizitazama zile mashine nikasema hapana, asisikie. Vumbi lilikuja baadaye, nilipohitaji la kujiambia. Na kwa kumkinga na neno moja nilimnyima muhula mzima wa maneno mengine yote.

Alikuwa ananitazama mdomoni, kwa mazoea, ingawa sasa alikuwa anasikia.

"Wajua, mama," akasema.

Nikanyoosha mkono nizivue, nimpumzishe. Akaziba masikio yake kwa viganja viwili, akasogea pembeni. "Ziache," akasema. "Nataka kuwasikia." Akaingia ndani kuvua sare, akaniacha pale kizingitini.