Miguu ya Mavyaa

Mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu, hakunipenda tangu siku niliyoingia nyumbani kwake Tiwi, nami sikujisumbua kumpenda. Tuliishi ua mmoja, tukaamkiana kila asubuhi: mimi shikamoo, yeye marahaba iliyotokea puani.

Asubuhi moja alikuwa akikaanga mahamri uani. Kaa la moto likaanguka kutoka jikoni, akalikanyaga kwa mguu mtupu, na akaendelea kugeuza mahamri yake. Mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi kuungua.

"Mama, mguu!" nilipiga kelele, nikamvuta.

Aliinua unyayo, akaona palivyoungua, kisha akanitazama. "Umenisukumia motoni."

Mume wangu aliporudi akapewa hadithi hiyo, na majirani walikuwa wameshaipata. Nilichemka. Nikamwambia kwamba mama yake ana sukari ya miaka mingi, na mtu asiyehisi kaa la moto hana miguu, ana magogo. Alinikasirikia, lakini akaamua mama akapimwe. Yeye alikuwa na kazi, kwa hivyo nikampeleka mimi, kwenye kliniki moja Msambweni.

Daktari alikuwa kijana wa bara. "Sema, mathe," alimwambia.

"Mimi si mathe wako. Shikamoo huijui?"

Kijana aliona haya, akaamkia vizuri. Akaeleza kwamba ndani ya ngozi mna neva nyembamba zinazopeleka habari ya maumivu, na kwamba sukari huziua, ikianzia vidoleni. Alimdunga kidogo mkononi kwa ncha ya pini, kisha akamgusa kwa upande wake butu, ili ajue tofauti. Halafu akamwomba afumbe macho, na kila akiguswa mguuni aseme "kali" au "butu".

"Kali," mavyaa alisema. "Butu. Kali."

Nikaona kope zake zinacheza.

"Daktari, anachungulia."

"Nyamaza, mchawi wee!"

Daktari akaniomba nimfunge macho kwa leso yangu. Nilimfunga huku akinitukana. Kisha kijana akakaa kimya na pini yake mkononi, bila kumgusa popote.

"Kali," alisema mavyaa.

Hakuna aliyemjibu.

"Kali, nimesema!" Sauti ilipanda, halafu ikakatika. Alikuwa ameelewa. Nami nilifurahi, wallahi, nilifurahi.

Daktari akaanza upya vidoleni, akipanda na pini kidogo kidogo. Alipopita kifundo, mavyaa aliurusha mguu. "Waniua!" Kijana akapiga mstari wa kalamu hapo. Chini ya mstari huo, hata chupa ya maji ya moto na ya baridi zilikuwa sawa kwake.

Nilipoifungua leso, aliutazama mstari kwa muda mrefu. Kisha akanisonta kwa kidevu. "Na huyu, mbona hapimwi?"

Kijana, labda kwa kutaka amani, akanidunga kidole cha mguu. Nikaruka. Mavyaa alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mdunge tena, daktari. Mdunge sana."

Tuliambiwa avae viatu vya kufunika hata uani, na apatikane mtu wa kumkagua nyayo kila siku. Mtu huyo nikawa mimi. Alininyooshea miguu huku ameelekea ukutani, nami nikaikagua. Siku moja nikakuta mwiba umezama kisiginoni na umeshaanza kutunga usaha. Hakuwa na habari nao. Nikamrudisha kliniki, ukatolewa, na mguu ukapona.

Wageni walipokuja kumjulia hali, aliwaambia kwamba mwiba aliuona binti yake anayekaa Waa, ambaye hakuwa amekanyaga kwetu tangu Idi. Nilikuwa nimeinama pale pale nikiwamiminia chai.

"Huyu," akaongeza, akimaanisha mimi, "kazi yake kunishika miguu tu."

Nikaiweka birika chini, wakajimiminie wenyewe.