Bawa la Kushoto

Mimi ni fundi wa ndege, na kwa muda mrefu nilijivunia masikio yangu. Baba alikuwa mgonga magurudumu ya mabehewa pale Dilolo. Treni ikisimama, alipita na nyundo akigonga gurudumu moja moja. Zima lililia vizuri, lenye ufa lilikohoa. Ufundi huo niliuhamishia kwenye ndege. Wenzangu wa ateliye, karakana yetu, walinicheka, lakini kila walipokuwa na shaka waliniita.

Ndege ya kampuni yetu ndogo ndiyo pekee iliyokwenda Musumba. Mwisho wa kiangazi ilikuja kutua hapa Kolwezi, mguu wa kushoto ukakataa kushuka. Bawa liliburuzika kwenye lami mpaka ndege ikasimama nje ya njia. Abiria walitoka wazima, namshukuru Mungu. Mwenye kampuni akapiga simu kuuliza jambo moja: inafaa kutengenezwa, au tuikate vyuma?

Mama yangu anakaa Musumba. Alikuwa na uvimbe titini, aliouficha tangu mvua za mwaka uliotangulia, na daktari wa hapa alisema aletwe upesi. Njia zilikuwa mbili: ndege yetu, au kamio, lori la wafanyabiashara lililokuwa likipakia huko, la mwisho kabla mvua hazijafunga barabara.

Siku ya kwanza nilizunguka bawa na nyundo yangu ndogo. Nikagonga, nikasikiliza. Lililia safi toka ncha hadi ubavuni. Furaha ilinipanda kichwani, nikampigia mama nikiwa bado chini ya bawa.

"Mama, usipande ile kamio, itakuvunja mugongo. Ngoja ndege, itapona."

"We njo fundi, we unajua," akasema. "Mi nitangoja."

Mkuu wetu wa ateliye, mzee wa maneno machache, alinisikia.

"Tata, hatuyafungua hata visi moja, hata skrubu, na we umeisha kuahidi mama?"

Nikacheka. Haraka haraka haina baraka, kila mtu anaijua, ila mimi niliona ni ya wasio na masikio.

Siku ya nne tukafungua. Ndani ya bawa mna boriti kuu inayobeba uzito wote. Tuliipaka rangi nyekundu ipenyayo kwenye ufa, tukaifuta, tukapuliza unga mweupe, tukangoja. Juu ya ule weupe ukatokea mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea, toka tundu la bolti moja hadi la pili. Nikafuta nikarudia. Ukarudi palepale. Nikarudia mara ya tatu, na mkuu hakunizuia.

Baba aligonga chuma kitupu. Mimi niligonga ngozi ya ndege, nikasikia ngozi tu.

Boriti ile haiungwi, hubadilishwa nzima, na mtambo wa kushikilia bawa wakati wa kazi hiyo hauko hata Lubumbashi. Ndege yenyewe ilikuwa kuukuu. Mkuu akanisogezea fomu.

"We ulisema itapona. Andika we."

Niliwaza uongo, sifichi. Safari moja tu, kwenda na kurudi. Kisha nikamwona mama amekaa kwenye kiti juu ya ule mstari mwekundu. Nikaandika: haifai. Nilijichukia mpaka mdomo ukawa mchungu.

Kamio lilikuwa limeondoka Musumba siku mbili kabla. Wiki ileile mvua ikaanza, barabara ikafungwa. Daktari alisema, barabara ikija kufunguka, uvimbe utakuwa umeenea na yeye hatakuwa na la kufanya.

Nilimpigia mama wenzangu wakiwa wanang'oa injini. Aliniacha nimalize yote. Angenikaripia ningepata nafuu.

"Na ndege ingine haiko?"

"Haiko, mama."



"Basi acha nitoe manguo mu mukoba," akasema. "Tangu siku ile ulinipigia, iko ku mulango."