Mkono Wangu Uliokufa Ganzi na Macho ya Nyar Uyoma

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa shambani kuwinga ndege, huko kwetu Nyakach, msichana hakuruhusiwa kugusa upinde. Kuruka mkuki wa baba yako uliolazwa chini lilikuwa kosa, na kuvuta upinde lilikuwa kosa zaidi. Dani, bibi yangu mzaa baba, alitwambia wazi: msichana akivuta upinde mkono wake utakufa, na mwenye upinde atapatwa na baya huko aliko. Naandika haya nikiwa mzee. Nimebatizwa, na dhambi zangu nyingi nimeziungama kanisani mbele ya watu. Hii sikuiungama. Kila nilipoifikia niliiruka, kama mtu anavyoruka dimbwi njiani.

Mwaka ule kaka yangu Odera alikwenda Kisumu kupakua mizigo ya meli gatini. Upinde wake ulibaki umetundikwa katika nyumba yake ya ujana. Mtama ulikuwa unaanza kukomaa, na ngedere walishuka kutoka mawe ya mlimani kila asubuhi. Mimi nilikuwa na kombeo na sauti yangu tu, na wao walishanizoea. Dume moja lilikuwa likila huku linanitazama, kama mgeni aliyekaribishwa. Siku moja hasira zikanipanda, nikaenda nikauchukua upinde.

Sikumpiga ngedere hata mmoja, na niseme kweli, baada ya siku mbili niliwasahau kabisa. Niliupenda upinde wenyewe. Nilipenda ule mlio wa uzi. Jua likiwa la utosi, watu wote wamekwenda kupumzika, nilijificha katikati ya mtama nikilenga kichuguu. Ulikuwa upinde wa mwanamume mzima. Nilikaba mpini kwa mkono wa kushoto kwa nguvu zangu zote, kiwiko nimekikunja, kwa sababu nikikinyoosha uzi ulinichapa ngozi mpaka machozi. Nikavuta hivyo siku baada ya siku, karibu mwezi mzima. Halafu kidole cha mwisho kikaanza kufa ganzi, na kile cha pili yake kikafuata. Asubuhi niliamka nikidhani nimelalia mkono, lakini mchana ulipofika vidole bado vilikuwa kama vya mtu mwingine.

Basi jirani yetu alikuwa mjane, mfinyanzi. Watu walimwita Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kumpa jina la mama fulani. Jioni alinikaribisha nimkandie udongo, naye alikuwa mtu wa mzaha.

"Hebu tazama mikono hii," aliniambia siku moja. "Mikono ya mfinyanzi kabisa! Ningekuwa na binti mwenye mikono hii ningelala njaa nikicheka."

"Nipe basi chungu kimoja, Mama."

"Chungu? Nimekupa sifa, unataka na chungu?"

Haikupita wiki, nikaangusha mtungi wa maji mbele ya Dani. Ulinitoka tu mkononi.

"Umelewa, wewe?" aliuliza Dani.

"Mkono hausikii, Dani."

Alichukua mwiba akanichoma kidole cha mwisho. Sikushtuka. Nilimwona uso unambadilika. Hakuniuliza nimefanya nini. Aliniuliza lile wazee wetu wote wangeuliza.

"Nani ameusifu mkono huu?"

Huko kwetu tuliamini kuna watu wenye sihoho, jicho linalodhuru kile linachokitamani, hata kama mwenyewe hana nia mbaya. Mimi nilijua ni upinde. Nilijua vilevile kwamba nikiutaja watasema nimemwitia Odera balaa, na kama gunia lingemwangukia kule gatini, ningekuwa nimemuua mimi. Nikanyamaza.

"Nani?" Dani alinishika bega.

"Nyar Uyoma."

Sikusema uongo. Alikuwa ameusifu kweli, na watu walimsikia. Ndiyo maana dhambi hii ilinikalia kwa raha miaka mingi. Nilikuwa nikijiambia, kwani nilitamka neno gani la uongo?

Kesho yake aliitwa nyumbani kwetu. Alikuja na udongo bado uko miguuni, akacheka kwanza.

"Mimi niuue mkono unaonikandia udongo? Nimechoka kula?"

"Hakuna aliyesema umeroga," Dani alimjibu kwa upole. "Jicho halimwulizi mwenyewe. Tema maji, mtoto apone, yaishe."

Nyar Uyoma akaacha kucheka. Akanigeukia. "Anyango, ni mimi?"

Niliitazama miguu yake. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akachukua maji kinywani, akanitemea mkononi, akanisugua vidole kimoja kimoja. "Kama ni macho yangu," alisema, "basi yamwachilie."

Siku hiyohiyo, kwa hofu, nilirudisha upinde ukutani. Sikuugusa tena. Na mkono ulianza kurudi kidogo kidogo, kwanza kama siafu wanatembea chini ya ngozi, halafu nikaweza kushika kata, halafu mtungi. Dani alinipeleka nyumba kwa nyumba kuwaonyesha. "Mnaona? Alitema, akapona!" Kupona kwangu ndiko kukawa ushahidi dhidi ya Nyar Uyoma, nami nilitembea nyuma ya Dani nikinyoosha vidole ili watu waone vinavyocheza.

Sokoni Katito wanawake walianza kufunika watoto wao alipopita. Vyungu vyake vilirudi nyumbani jioni kama vilivyokwenda. Kabla mtama haujaisha kuvunwa alifunga mizigo, akarudi kwao Uyoma, ng'ambo ya ghuba. Odera alirudi mzima, amenenepa, na blanketi jipya. Aliuliza kwa nini uzi wa upinde wake umelegea. Nikamwambia, panya.

Nikakua, nikaolewa, nikasoma kidogo, nikabatizwa. Muuguzi mmoja wa misheni ndiye aliyenieleza, siku nilipompelekea jirani aliyekuwa na ganzi kama ile. Kuna mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko. Ukikunja mkono na kukaza kiganja siku nyingi, unabanwa. Ukiupumzisha, mara nyingi hupona. Alisema hivyo huku akiandika, hata hakuniangalia. Nilitoka nje nikakaa chini.

Mwaka uliofuata nilimkuta Nyar Uyoma sokoni Kisumu, anauza omena, dagaa wa ziwani. Nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Nilipomtajia jina langu alifurahi, akaita, "Anyango, nyathina, mtoto wangu!" Halafu akaona mtoto. Akavuta shuka lake akafunika uso.

"Mgeuze," aliniambia. "Mgeuze upande ule."

Nikapiga magoti pale penye magamba ya samaki, nikamweleza yote: upinde, kichuguu, Odera, maneno ya muuguzi. Alisikiliza hadi mwisho bila kufunua uso.

"Usinitafutie faraja," alisema. "Si nilitema, ukapona? Niliona mimi mwenyewe."

"Nilipona kwa sababu niliacha upinde, Mama!"

"Una moyo mzuri, Anyango. Tangu zamani una moyo mzuri."

Sijawahi kutukanwa tusi lililonichoma kama sifa ile. Alinipimia omena kwa kupapasa, uso ameuelekeza ziwani. Mtoto wangu alimpigia kelele kwa furaha, kama watoto wafanyavyo kwa mtu yeyote, naye hakugeuka.

Nasadiki Mungu amenisamehe. Kwa Nyar Uyoma nilikwenda kuomba msamaha, na hakuona cha kunisamehe, kwa hiyo neno hili limebaki kwangu. Amekwisha kufa sasa. Lakini kama yuko mtu kule Nyakach ambaye utotoni mama yake alimfunika kila Nyar Uyoma alipopita, na asome hapa, au asomewe: macho ya mjane yule yalikuwa mazima. Mimi ndiye niliyejua, na nikanyamaza.